Majani ya Mgomba Kwenye Gari la Ubaridi

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, boksi la kwanza la maparachichi lilipandishwa kwenye gari letu la ubaridi pale Masukulu, Rungwe. Dakika hiyo naijua kwa sababu niliiandika, kama nilivyoandika dakika za kazi yangu kwa miaka ishirini na saba. Ilipofika saa tatu na dakika arobaini asubuhi hiyo hiyo, kina mama arobaini wa kikundi cha wakulima cha huko walikuwa karibu kukosa soko la msimu mzima. Kosa lilikuwa langu, na nilikuwa nimelitia saini.

Ninyi mnaobaki kwenye ofisi yetu ya usafirishaji ya Ibighi, Tukuyu, mmeniomba niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Nimestaafu mwezi uliopita nikiwa na miaka hamsini na sita, na bado sijasahau kitu. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka. Vyeo vilikuwa viwili tu, na mshahara mnaujua kwa sababu ni huo huo wenu. Nitaanza mwanzo kwa haraka, kisha nitakaa kwenye siku ile kwa sababu ina mafunzo mengi kuliko daftari zangu zote.

Aliyeniajiri ni Mama Zuhura, ambaye wengi wenu mmemkuta akiwa mtu mzima wa kukaa barazani na kuuliza maswali magumu. Wakati huo alikuwa amerithi duka la vitambaa la baba yake hapo Ibighi, akauza nusu ya vitambaa akanunua lori. Ndugu zake walimwambia amerogwa. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, najua kuandika kwa mwandiko mzuri, na nilikuwa na saa ya mkononi inayotembea. Aliniuliza saa ngapi. Nikamjibu hadi dakika. Akasema nije kesho.

Siku hiyo ya kwanza tulikwenda Mbeya, kwenye uwanja wa zamani wa ndege, ule uliokuwa umezungukwa na nyumba za watu. Kulikuwa na banda, mizani moja, na mlinzi mwenye filimbi ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kufukuza mbuzi kabla ndege haijatua. Tulikuwa tunapokea vifaranga mia tano kutoka Dar es Salaam. Sikuwahi kuona ndege kwa karibu. Iliposhuka, vumbi lilinijaa mdomoni kwa sababu nilikuwa nimeuacha wazi.

"Funga mdomo, Ambakisye, tuna kazi," alisema Mama Zuhura. Aliinama kwenye boksi lenye matundu akatega sikio. "Sikia. Vinapiga kelele. Vikipiga kelele ni vizima. Vikinyamaza usije kuniuliza mimi, mwambie dereva akanyage mafuta."

Tangu Mbeya hadi Tukuyu nilikaa nyuma na vifaranga, nikisikiliza. Vilinyamaza mara moja, pale Isyonje kwenye baridi na ukungu, nikavua koti nikavifunika. Tulipoteza vitatu. Mama Zuhura alivihesabu yeye mwenyewe mara mbili, kisha akanirudishia koti langu. Lilikuwa limeharibika kabisa, lakini nilielewa kwamba nimepata kazi.

Zana zangu zilikuwa tatu: daftari la mistari, kipimajoto, na kamusi ya Kiingereza. Kamusi ilikuwa kwa ajili ya hati za mizigo ya ndege. Nilichukua hati moja iliyotumika nikaibandika ukutani juu ya kitanda, nikajifunza neno moja kila usiku hadi nikaimaliza pande zote mbili. Baadaye niliokota kitabu cha mafundi wa friji kwenye rundo la vitabu chakavu soko la Mwanjelwa. Kilikuwa hakina jalada wala sura ya kwanza. Kwa hiyo najua ubaridi unavyofanya kazi kuanzia sura ya pili.

Kutokana na daftari hizo nilitengeneza jedwali la njia, ambalo toleo lake la mwisho bado limebandikwa ofisini. Tukuyu hadi Kiwira, Kiwira hadi Isyonje, Isyonje hadi Uyole, Uyole hadi Mbalizi. Kila kipande kina safu ya kiangazi na safu ya mvua, na kwa kuwa Rungwe mvua ni jambo la kila siku, safu ya kiangazi imebaki karibu tupu. Gwakisa, dereva wangu wa miaka yote, alikuwa akinitania: "Karani, siku nikifa utaandika saa kwanza ndipo ulie." Nilimwambia ndiyo, na kilomita pia.

Kisha ukaja uwanja mpya wa ndege.

Sijui niwaelezeje ninyi mliokua mkiukuta pale. Kwa miaka mingi ulikuwa ni tambarare nje ya jiji, upande wa Mbalizi, mashine zinachimba, zinasimama, zinachimba tena. Nilikuwa nakwenda Jumapili kwa nauli yangu mwenyewe, nasimama kando ya barabara na kuhesabu malori ya kokoto. Mke wangu, Mama Bupe, alidhani nina mwanamke Mbalizi. Nikampeleka siku moja akaona mashine ya kushindilia lami ikienda na kurudi kwa saa mbili. Njiani alisema afadhali angekuta mwanamke, angalau angekuwa na la kuzungumza.

Siku ndege kubwa ya kwanza ilipotua nilikuwa pale kwenye umati. Ilishuka kutoka upande wa milima, ikagusa chini, watu wakapiga vigelegele, na mzee mmoja asiyenijua alinikumbatia akanitingisha. Niliporudi nyumbani niligundua kwamba sikuandika saa. Ni mara ya pekee.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio, na nilikuwa naamka kila siku na hamu ya kuona nini kimeongezeka. Zamani ukungu ukishuka ndege ilizunguka juu mara mbili, kisha ikageuka na mzigo wetu kurudi Dar. Zilipofungwa taa za njia ya kurukia, jedwali langu zima lilibadilika, nikalichana kwa furaha na kulichora upya. Likaja jengo jipya la abiria. Wafanyabiashara wa Malawi na Zambia wakaanza kuchukua mizigo yao pale badala ya kuifuata Dar. Barabara ya Uyole hadi Mbalizi, ambayo Ijumaa jioni ilinipa saa moja na nusu ya kuwatazama wauza karanga, ikaanza kupanuliwa. Mama Zuhura akanunua gari la ubaridi. Likiwa halijatimiza hata wiki moja, kina mama wa Masukulu wakaja ofisini.

Waliongozwa na Mama Tumpe, mwenyekiti wao, mjane wa makamo, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Kikundi kilikuwa na watu arobaini. Mnunuzi wa nje alikuwa amewaahidi jaribio moja: maboksi mia tatu, kilo nne kila boksi, yaende kwa ndege mwanzoni mwa msimu kabla maparachichi yanayosafirishwa kwa meli hayajajaa sokoni kwake. Yakifika mazuri, atachukua mzigo wao msimu mzima. Yakifika mabaya au yasipofika, atachukua kwingine.

Kwa Mama Tumpe hilo lilikuwa zaidi ya biashara. Alikuwa amekata kahawa ya marehemu mumewe ili apande miparachichi, na shemeji zake hawakumsamehe. Kwenye kikao cha ukoo walimpa msimu huo mmoja. Msimu usipolipa, shamba linarudi kwao.

"Kalani," aliniambia, kwa sababu watu wetu wa vijijini wengi hawaihangaikii sana herufi r, "mimi ndege siijui. Wewe unaijua. Tuambie tufanye nini, tutafanya."

Niliwaandikia maelekezo kurasa mbili. Namna ya kukata kikonyo, namna ya kupanga, nyuzijoto, saa ya kupakia. Sikuacha kitu, nilidhani.

Sasa siku yenyewe. Tulifika Masukulu kukiwa bado giza, injini ya ubaridi ikiunguruma. Nilihesabu maboksi chini kwenye banda, moja moja: mia tatu. Yalikuwa maboksi ya wazi juu, yamepangwa vizuri, matunda kumi na nane kila moja, yanang'aa. Nilichomeka kipimajoto kwenye matunda matano tofauti. Kila kitu sawa. Kisha nilikaa kwenye kona ya banda kujaza fomu kwa tochi, na kina mama wakapanga mstari kutoka bandani hadi garini na kuanza kupakia huku wakiimba. Nilisikia vicheko ndani ya gari. Nilifurahi kwamba wana moyo.

Dakika tano kabla ya saa kumi na mbili nilisoma kipimajoto cha mlangoni, nikafunga milango bila kumulika ndani, nikaweka lakiri ya plastiki ili mlango usifunguliwe njiani. Kwenye fomu kulikuwa na mstari unaosema mzigo hauna majani, udongo wala wadudu. Nikatia saini.

Safari ilikuwa nzuri mno. Ukungu Isyonje, lakini Gwakisa anaujua kama chumba chake. Nyuma yetu kilikuja kibasi walichokodi kina mama ishirini na sita, wamevaa sare mpya za kitenge cha bluu, kwa sababu hakuna aliyetaka kusimuliwa namna maparachichi yao yalivyoruka. Tulifika uwanjani saa tatu na robo. Mapokezi ya mizigo yalikuwa yanafungwa saa tano, ndege iondoke saa saba na nusu. Nilimwambia Gwakisa kwamba tuko mbele ya jedwali kwa dakika kumi na tano. Alisema tuzifanyie sherehe.

Mkaguzi wa mimea siku hiyo alikuwa Bwana Masunga, Msukuma wa Shinyanga aliyepangiwa kazi huku, mtu mpole asiyependa haraka. Zamu yetu ilifika saa tatu na dakika arobaini. Alikata lakiri, akafungua milango, akasimama.

Harufu ilitoka kabla sijaona kitu. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama yangu. Kila boksi, kuanzia la mlangoni hadi la mwisho ukutani, lilikuwa limefunikwa jani bichi la mgomba, limekatwa kwa ustadi na kuchomekwa pembeni. Na juu kabisa, zimefungwa kwa kamba ya mgomba, kulikuwa na chane mbili za ndizi mbivu.

Masunga aliangalia ndani. Akaangalia fomu. Akaniangalia mimi.

"Baba, hii saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Na haya ni nini?"

Nilichungulia ndani kama mtu anayeona mgomba kwa mara ya kwanza. Gwakisa akanisaidia: "Mkuu, hayo ni majani."

"Asante, dereva."

Niliwaendea kina mama. Walikuwa wamejipanga kando ya uzio, wengine wanapiga picha za simu. Nilimuuliza Mama Tumpe kwa sauti ambayo sikuikusudia kuwa kubwa.

Hakuona aibu hata kidogo. "Sasa Kalani, chakula kitupu huwa tunampelekea nani? Hata mgonjwa hospitali hatumpelekeagi chakula hakijafunikwa jani. Hao wazungu watasema Masukulu hawana adabu."

"Na ndizi?"

"Za lubani. Anabeba mzigo wetu bule?"

"Habebi bure mama, analipwa!"

"Na wewe unalipwa, mbona tulikupa mkungu?"

Ni kweli walinipa, na nilikuwa nimeshaula. Kwenye kurasa zangu mbili sikuandika wasiweke majani, kwa sababu mimi mwenyewe ni Mnyakyusa na jani la mgomba sijawahi kulihesabu kuwa kitu. Ni kama mtu akuelekeze usiweke hewa.

Masunga alitufuata polepole. Alieleza, bila ukali, kwamba jani bichi linabeba wadudu na ugonjwa, na kwamba ndizi mbivu ikifungiwa na maparachichi inayaivisha njiani. Kwa sheria alitakiwa kuukataa mzigo wote. Hapo ndipo uso wa Mama Tumpe ulipobadilika. Aliketi chini kwenye changarawe na sare yake mpya.

"Basi shamba limekwenda," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Nilimwambia Masunga kwamba kosa ni langu, nilifunga milango bila kutazama, aandike hivyo kwenye ripoti yake. Alisema ataandika. Kisha akatazama saa yake.

"Nina ruhusa ya kukagua mara ya pili kama mzigo umesafishwa. Kila boksi litolewe, kila tunda lifutwe kwa kitambaa safi kikavu, lipite mbele ya macho yangu. Lakini saa tano nafunga. Mna watu?"

Nilipiga hesabu. Maparachichi elfu tano na mia nne. Mimi na Gwakisa, sekunde kumi kwa tunda, tungemaliza baada ya saa saba na nusu za kazi. Nilikuwa bado nafikiria hilo, pale Mama Tumpe aliponyanyuka.

"Sisi tuko ishilini na sita," alisema. "Tuonyeshe pa kukaa."

Hawakuruhusiwa ndani ya ghala la mizigo, kwa hiyo Masunga alitupa kibanda cha nje chenye sakafu ya saruji. Swali likawa vitambaa. Niliyekuwa na kitambaa safi ni mimi peke yangu, kimoja cha mfukoni. Mama Tumpe alifungua kilemba chake cha bluu, kipya, hakijafuliwa hata mara moja, akakitingisha mbele ya Masunga.

"Hiki je?"

"Hicho kinafaa."

Vilemba ishirini na sita vikafunguliwa kwa pamoja. Mama mmoja wa nyuma alilia kwamba hajasuka, wenzake wakamwambia maparachichi hayana macho.

Nawaambia, sijawahi kuona kazi kama ile, na nimeona kazi. Mimi na Gwakisa tulishusha maboksi, kina mama wakakaa safu mbili, majani yakarushwa nyuma, tunda likafutwa, likageuzwa, likarudi. Wimbo ulianza wenyewe. Nilikuwa naita saa kila dakika tano, hadi Mama Tumpe akanifokea, "Kalani, nyamaza, unatuchelewesha!" Wapakiaji wa ghala walikuja kutazama wakajikuta wanabeba.

Masunga alipita na tochi ndogo, boksi kwa boksi. Aliponusa jani moja, Mama Tumpe, ambaye roho ilikuwa imeanza kumrudia, alimchokoza: "Kwenu Shinyanga mgomba mtautoa wapi? Chakula mnafunika kwa nini, kwa michembe yenu ya viazi vikavu?"

"Kwetu, mama," alisema Masunga bila kuinua macho, "tunafunika kwa kifuniko."

Kibanda kizima kiliangua kicheko, yeye akaendelea na tochi yake.

Aliyakataa maboksi kumi na nne yaliyokuwa na sisimizi. Hakubishana naye mtu. Saa tano kasoro dakika nne aligonga muhuri kwenye cheti cha maboksi mia mbili themanini na sita. Ndizi zilikabidhiwa kwa walinzi wa geti, ambao hawakuhitaji kuelezwa matumizi yake.

Saa saba na dakika thelathini na mbili ndege ilikimbia, ikainua pua, ikapita juu yetu. Kina mama, vichwa wazi, walipunga vile vilemba vilivyochafuka na kupiga kelele kama wanaaga bibi harusi. Gwakisa alikuwa anaruka. Nami niliruka, nikiwa na daftari mkononi. Mama Tumpe peke yake hakuruka. Aliitazama hadi ikaingia kwenye wingu, kisha akauliza itafika lini.

Zilikuwa siku kumi na moja za kungoja. Mama Zuhura hakunifokea. Aliniita barazani, akaniomba nisome maelekezo yangu kwa sauti, kurasa zote mbili, halafu akauliza: "Ulimpa mtu wa Masukulu ayasome akwambie ameelewa nini?" Nikasema sikumpa. "Basi," alisema, akarudi kwenye chai yake. Tangu siku hiyo sijampa mkulima karatasi bila kumwomba kwanza anionyeshe kwa mikono yake atakavyofanya, toka shambani hadi mlango wa gari. Nanyi fanyeni hivyo. Na mlango mumulike ndani kabla hamjaufunga.

Siku ya kumi na moja mnunuzi alipiga simu. Matunda yamefika magumu, safi, na mwenzake aliyeyapokea ameuliza yalifutwa kwa kitu gani hata yakang'aa hivyo. Anachukua msimu mzima, mara mbili kwa wiki. Nilimpigia Mama Tumpe. Hakunisubiri nimalize, nikamsikia akimwita shemeji yake mmoja kwa jina, kwa ile sauti ya kuvuka bonde.

Jumamosi yake kikundi kilikutana Masukulu kufunga hesabu ya jaribio. Nilikwenda na bahasha. Maboksi kumi na nne, shilingi elfu kumi na nne kila moja, ni laki moja na tisini na sita elfu, na niliona ni haki niilipe mimi. Niliiweka mezani mbele ya mweka hazina.

Mama Tumpe aliisukuma kwa kidole ikarudi kwangu. "Hiyo ya nini? Wewe ulikuwa na kazi ya kuandika saa, hukuona tulikokwenda?"

Siku ile, nilipokuwa ghalani nakamilisha hati, walikuwa wamebeba yale maboksi kumi na nne hadi nje ya geti. Kwa nchi ya nje yalikuwa yamekataliwa, kwa kula hapa hayakuwa na tatizo lolote. Matunda kumi na mawili waliwapa wapakiaji. Mengine mia mbili na arobaini waliwauzia abiria wanaorudi Dar na madereva wa teksi, shilingi elfu moja moja, kwa maelezo kwamba yataiva siku ya tano. Mweka hazina alisoma: mauzo laki mbili na arobaini elfu. Toa thamani ya maboksi, laki moja na tisini na sita elfu. Toa fedha aliyodai mwenye kibasi kwa kusubiri, elfu ishirini na tano. Nilirudia hesabu hiyo kwenye daftari langu mara mbili, wao wakinicheka, na mara zote mbili ilitoka vile vile: faida, shilingi elfu kumi na tisa.